Nyundo, Probu, Gurudumu au Roboti: Kuchagua Kipimo cha Kompositi kwa Ndege za Magharibi mwa Kenya

Ndege ikitoka Kisumu kwenda Nairobi huanza kwa kuvuka nchi ya chai. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Idadi inayonukuliwa kwa Kericho ni siku 132 kwa mwaka. Mkulima huhesabu hasara yake kwa majani yaliyochanika. Fundi wa ndege ana hesabu yake pia: kifuniko cha rada puani, ukingo wa mbele wa bawa, panga la propela. Na hesabu ya fundi ni ngumu zaidi, kwa sababu jani lililochanika linaonekana.

Bati la alumini likipigwa hubonyea na kubaki limebonyea. Ngozi ya kompositi, yaani nyuzi za kaboni au za kioo zilizoshikanishwa kwa resini tabaka juu ya tabaka, hujirudi. Kwa nje inabaki karibu laini, ilhali ndani tabaka zimeachana kama plaiwudi iliyonyeshewa, na mara nyingi eneo lililoachana ni pana kuliko alama iliyo juu yake. Wasanifu wanalijua jambo hili na huijenga ndege iweze kubeba uharibifu unaoonekana kwa shida bila kuvunjika. Lakini ukishaushuku, huna budi kujua upana wake na kina chake kabla ya kusema ndege iruke au ilale.

Anayesimamia karakana huku kwetu na ana bajeti ya kununua chombo kimoja ana njia nne mbele yake: kugonga kwa nyundo ndogo, kupima kwa probu moja ya altrasaundi mkononi, kuviringisha gurudumu lenye safu ya probu, au kufunga skana inayojiendesha. Nasema mapema nilipo. Kwa ndege zinazotua Kisumu, gurudumu ndilo la kununua, roboti ni ya kukodi, na nyundo haiondoki kwenye sanduku la vifaa. Sababu zangu zifuatazo zina uzito usiolingana, na kuna hali ambazo uamuzi huu hugeuka.

Sauti hufanya nini ndani ya ngozi

Probu hutuma mpigo wa sauti wa masafa yanayopita mbali uwezo wa sikio. Kwa ngozi za kaboni zisizo nene sana, megahezi 5 ndiyo hutumika mara nyingi. Ngozi nene au ya nyuzi za kioo hudai masafa ya chini zaidi kwa sababu huifisha sauti upesi. Ndani ya kaboni sauti husafiri takriban mita 3,000 kwa sekunde, kama nusu ya kasi yake ndani ya alumini. Ikikutana na hewa hurudi. Tabaka zilizoachana zina hewa kati yake, basi mwangwi hutoka hapo badala ya kutoka ukuta wa nyuma. Mwangwi uliorudi baada ya maikrosekunde 1.3 umetoka milimita 2 chini ya uso. Ukiurekebisha mtambo kwa kipande cha rejea chenye unene na kasoro zinazojulikana, kina cha kasoro unakisoma moja kwa moja kwenye kioo.

Sasa shika hili, kwa maana wauzaji hulipita haraka. Kati ya njia nne, ni nyundo pekee inayotegemea fizikia nyingine. Probu ya mkono, gurudumu na roboti hutuma sauti ya aina moja kwenye ngozi ileile. Roboti ikibeba kichwa cha altrasaundi haisikii zaidi ya mkono. Zinatofautiana katika maswali matatu: je, kimefika kila mahali, je, kinakumbuka kilikopita, na je, kazi imechukua saa ngapi? Ukinunua roboti ukidhani umenunua sikio kali zaidi, umelipa pesa nyingi kwa kitu ambacho hakimo ndani ya kreti.

Nyundo

Kugonga ni kongwe na bado kunaagizwa na vitabu vingi vya watengenezaji. Palipo pazima hulia wazi. Palipobanduka hulia butu. Zipo nyundo za kielektroniki zinazopima muda wa mgongano na kutoa namba, ili uamuzi usitegemee sikio la mtu aliyeshinda siku nzima karibu na injini za propela.

Kwa paneli nyembamba zenye kiini cha sega, yaani ngozi mbili zilizogundishwa pande mbili za vijumba vitupu kama vya sega la nyuki, nyundo ni chombo halali kabisa. Sauti ya megahezi haivuki sega kwa urahisi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kiini hicho ni hewa. Probu ya kawaida ikiwekwa upande mmoja itakueleza habari za ngozi ya karibu na gundi yake tu. Nyundo nayo hukueleza hayohayo kwa bei ndogo sana.

Mpaka wake ni mkali, na historia imeuonyesha. Tarehe 6 Machi 2005, Airbus A310 iliyokuwa imetoka Varadero nchini Cuba kuelekea Quebec ilipoteza karibu usukani wote wa mkia angani, ikageuka na kutua salama ilikotoka. Usukani ule ulikuwa wa kompositi yenye kiini cha sega. Baadaye mwaka huohuo usukani wa A300-600 ya mizigo, ndege ya ukoo mmoja na ile, ulipata dosari karakanani. Ulipochunguzwa, ngozi ya ndani ilikutwa imebanduka kutoka kwenye sega, pamoja na dalili za mafuta ya haidroliki. Kugonga kwa nje kusingefika huko. Machi 2006 bodi ya Marekani ya uchunguzi wa ajali, NTSB, ilitaka ukaguzi wa haraka wa sukani za namna hiyo. Tangu nilipoisoma habari hiyo, kila ninapomwona mtu akigonga paneli ya sega, humuuliza kwanza anakagua ngozi ipi.

Kwa ngozi nene isiyo na sega, nyundo iache. Kadiri kasoro inavyokaa chini ndivyo mlio unavyozidi kufanana na wa mahali pazima.

Probu moja mkononi

Hiki ndicho chombo ambacho karakana nyingi huanza nacho: kisanduku chenye kioo, waya, probu ya kipenyo cha milimita 6 hivi, na chupa ya jeli ya kupitisha sauti kutoka probu hadi ngozi. Mtu mwenye ujuzi akikipata huweza kuupima mpaka wa kasoro, kina chake, na hata kutambua tabaka gani limeachana. Kwa alama moja inayojulikana iliko, sioni sababu ya kutafuta zaidi. Ndege imetua, rubani ameripoti mvua ya mawe, alama tatu zimeonekana na kuzungushiwa kalamu. Probu moja itamaliza kazi kabla ya chai.

Shida huanza unapotakiwa kukagua eneo na hujui kasoro iko wapi. Hesabu ni rahisi. Ukisogeza probu hiyo kwa mistari iliyoachana milimita 3, mita moja ya mraba ina mistari kama 333, yaani mwendo wa mita 333. Kwa sentimita 5 kwa sekunde, ni saa moja na dakika hamsini bila kupumzika wala kuongeza jeli, macho yakiwa kwenye kioo na mkono ukiwa kwenye ngozi. Hakuna binadamu anayeshika mistari ya milimita 3 kwa muda huo wote. Mkono huteleza, mapengo hubaki, na mwisho hakuna kinachoonyesha mapengo yalipo. Ripoti inasema paneli nzima imekaguliwa na sahihi iko chini yake. Mkaguzi hajasema uongo. Hana tu njia ya kujua alipokosa kupita.

Gurudumu lenye safu

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo.

Badala ya kipengele kimoja cha kutuma sauti, safu huwa na vingi vilivyopangwa mstari mmoja. Muundo unaojulikana una vipengele 64 vilivyoachana milimita 0.8, hivyo kila mpito hufunika upana wa milimita 51. Vipengele hukaa ndani ya gurudumu lenye tairi laini lililojaa kimiminika. Unanyunyiza maji kidogo juu ya ngozi na kuviringisha. Enkoda iliyoshikanishwa na ekseli huhesabu umbali, na mtambo huchora ramani kadiri unavyosonga: rangi moja kwa ngozi nzima, rangi nyingine kwa kila kina ambako sauti imegonga hewa.

Rudia hesabu ya awali. Ukiacha mipito ipishane kidogo, mita moja ya mraba yahitaji mipito 23. Kwa sentimita 10 kwa sekunde ni dakika nne. Fika nazo kumi kwa kuweka alama, kufuta maji na kurudia mpito ulioharibika, bado umeokoa zaidi ya saa moja na nusu. Na umebaki na ramani.

Linganisha na skana ya mota inayobeba probu moja. Hata ikienda sentimita 25 kwa sekunde, mita zile 333 huchukua dakika 22, ukiacha muda wa kuifunga. Gurudumu linalosukumwa na mkono wa fundi limeishinda. Kasi kubwa imetoka kwenye safu, mota imeongeza kidogo tu juu yake. Mtu akikuonyesha mashine inayojiendesha na kuisifu kwa kasi, muulize inabeba probu ya aina gani.

Kwa mazingira yetu lina faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye karatasi za mauzo: halihitaji maji mengi. Ukikagua nje, jua la Kisumu likikausha jeli mbele yako, au usiku chini ya taa ambapo wadudu wa ziwani hukusanyika na kunata kwenye kila kilicho chepechepe, filamu nyembamba ya maji unayofuta na kuinyunyiza upya ni nafuu kubwa.

Mapungufu yapo. Tairi pana halikai vizuri kwenye mpindo mkali, hivyo ukingo wa mbele wa bawa dogo au shina la panga la propela hulishinda. Enkoda hupima mwendo wa mbele tu. Mstari wa pembeni unaushika wewe kwa rula au utepe, na ukiteleza ramani itaonyesha mahali pasipo penyewe. Kasoro iliyo karibu sana na uso huweza kufichwa na mwangwi wa uso wenyewe usiporekebisha mtambo vizuri. Na seti nzima hugharimu mamilioni ya shilingi, si kitu cha kununuliwa kwa pesa za dharura.

Skana inayojiendesha

Zinatofautiana. Iliyozoeleka zaidi kwenye ndege zilizo kazini ni fremu yenye reli mbili, inayoshikamana na ngozi kwa vikombe vya kunyonya na kusogeza probu mlalo na wima kwa mota. MAUS, iliyoanzia McDonnell Douglas na kuendelezwa na Boeing, ni ya ukoo huu, na uzuri wake ni kwamba kichwa hubadilishwa: altrasaundi kwa ngozi nene, njia za masafa ya chini kwa paneli za sega, hata mikondo ya eddi, yaani ya umeme unaozunguka ndani ya kitu, kwa metali. Ziko pia roboti tambazi zinazopanda ubavu wa ndege zenyewe. Iko altrasaundi ya leza, ambayo leza moja huamsha sauti ndani ya ngozi na nyingine kuisoma, bila maji wala kugusa. Hiyo imejipatia makao viwandani zaidi kuliko kwenye hanga, na bei yake iache huko iliko. Mitambo ya kupitisha sauti kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa michirizi ya maji nayo ni ya kiwandani, kwa kuwa huwezi kufika pande zote mbili za bawa lililofungwa.

Kinachonivuta kwenye skana ya fremu ni kumbukumbu. Mashine hupita mstari uleule leo na miaka miwili baadaye. Ukiweka ramani mbili kando kwa kando, ukaona doa la milimita 18 limekuwa 25, umejua kitu ambacho hakuna njia nyingine kati ya hizi ingekuambia kwa uhakika huo. Mtengenezaji akiagiza ukaguzi unaorudiwa wa eneo lilelile, au ndege ikiwa na kiraka kikubwa kilichogandishwa juu ya muundo mkuu, mimi ningeidai skana bila kusita. Kadhalika kwa kazi ya chini ya bawa, ambapo mkono ulioinuliwa huchoka mapema na usikivu huondoka pamoja na nguvu.

Lakini hesabu saa zote. Vikombe havishiki rangi iliyochakaa au yenye mafuta, hivyo ngozi isafishwe kwanza. Vinahitaji pampu ya kunyonya na umeme usiokatika, na kamba ya usalama, maana fremu ikidondoka kutoka ubavuni unakuwa na uharibifu wa pili wa kukagua. Pembeni mwa milango, karibu na misumari na kwenye vifuniko vidogo fremu haifiki, na hapo mtu hurudi na probu ya mkono hata hivyo. Kwa paneli ya nusu mita mraba, kuifunga na kuirekebisha kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kupima kwenyewe mara kadhaa.

Ramani nzuri inavyoweza kudanganya

Kila chombo chenye ramani hutegemea lango, yaani dirisha la muda ambamo mtambo huhesabu mwangwi. Lango likianza kwa kuchelewa, kasoro ya tabaka la pili haitaonekana kabisa, na ramani itatoka safi, yenye rangi za kupendeza. Ngozi ikipungua unene kwa hatua kuelekea ukingoni, kama kaboni inavyojengwa mara nyingi, mwangwi wa nyuma utahama na mtu asiye na michoro ya muundo atadhani amepata uharibifu. Rangi nene, kiraka cha zamani na wavu wa shaba wa kukinga radi hubadilisha sauti pia. Ndiyo sababu kipande cha rejea lazima kifanane na ngozi unayopima. SAE, chama cha wahandisi kinachotoa viwango, ina miongozo ya vipande hivyo, ARP5605 kwa kompositi isiyo na sega na ARP5606 kwa ile yenye sega.

Joto nalo lina neno. Kasi ya sauti ndani ya resini hushuka kadiri joto linavyopanda. Ukirekebisha mtambo ndani ya ofisi yenye kivuli kisha ukapime ubavu uliochomwa na jua tangu asubuhi, vina vyako vimeshahama. Kiweke kipande cha rejea nje, palepale penye ndege, kipate joto lilelile, ndipo urekebishe.

Kuna vitu viwili ambavyo hakuna chombo kati ya hivi vinne kinachovimudu, na nivitaje wazi. Cha kwanza ni gundi dhaifu ambayo nyuso zake bado zinagusana. Sauti hupita kana kwamba pameshikana. Nguvu ya gundi haipimwi kwa mwangwi. Cha pili ni mgongano mpana wa kitu butu. Gari la mizigo lenye bampa la mpira likiusukuma ubavu wa kaboni, ngozi yaweza kubaki bila doa huku mbavu za ndani zimevunjika, kwa kuwa mpira umetawanya nguvu. Mwongozo wa Marekani kuhusu miundo ya kompositi, AC 20-107B, umeutengea uharibifu wa kugongwa na magari uwanjani daraja la mwisho kati ya madaraja yake matano, na kuutaja kama unaohitaji kuripotiwa mara moja na watu wa uwanjani. Dereva wa trekta ya mizigo pale Kisumu au Eldoret anayepiga simu kusema "nimeigusa ndege" amefanya ukaguzi ambao gurudumu lisingeufanya.

Ndege gani, paneli gani

Ukitaka kuchagua vyema, acha orodha ya vyombo na uangalie ndege zilizoegeshwa.

Dash 8-400 ni ndege ya kila siku Kisumu. Mwili wake ni wa metali kwa sehemu kubwa, ila propela yake ya Dowty R408 ina mapanga sita ya kompositi, na kifuniko cha rada na vifuniko vingine vya nje ni vya aina hiyo. Paneli hizi ni ndogo, zina mipindo, na nyingi zina kiini chepesi ndani. Kwa mapanga, fuata kitabu cha mtengenezaji, ambacho kwa kawaida kitakurudisha kwenye kugonga na macho makini. Kwa kifuniko cha rada, gonga, kisha utafute unyevu kwa mita yake: maji yaliyoingia kwenye kiini huongeza uzito na kuifisha rada, nayo altrasaundi ya kawaida si njia nzuri ya kuyapata. Cessna Caravan za vijia vidogo vya ndege ni za metali zaidi bado. Kwa karakana inayoishi kwa ndege hizi peke yake, nyundo ya kielektroniki, probu moja nzuri na mita ya unyevu zinatosha, na gurudumu linaweza kungoja.

Mambo hubadilika ndege kubwa ikiingia. Boeing 787, ambayo Kenya Airways imekuwa nayo tangu 2014, ni kompositi kwa nusu ya uzito wake. Airbus A350 hufikia asilimia 53. Mkia wa Boeing 777 ni wa kaboni. Ndege za namna hii hutua Nairobi zaidi, lakini Kisumu ni kiwanja cha kimataifa na Eldoret hupokea ndege kubwa za mizigo, na ndege iliyogongwa mbali na nyumbani hukaguliwa ilipo. Hapo ngozi ni nene, haina sega, na eneo la kushukiwa ni mita kadhaa za mraba. Hapo ndipo gurudumu linapolipa deni lake lote.

Kwa 787 kuna chombo cha tano kinachostahili kutajwa haraka: kipimo kidogo cha mkononi kilichobuniwa kwa fundi wa uwanjani asiye mkaguzi, kinachojibu nzima au mbovu. Unakirekebisha mahali pazima karibu na alama, unakiweka juu ya alama, kinakujibu. Hakikupi upana wala kina, na mipaka ya matumizi yake imeandikwa. Lakini kwa ndege iliyojaa abiria wanaongoja, jibu la nzima kutoka kwa chombo kilichoidhinishwa huokoa safari, na jibu la mbovu humwita mkaguzi mwenye gurudumu.

Watu na karatasi

Kabla ya kulipa chochote, fungua kitabu cha upimaji usioharibu cha ndege husika. Njia iliyoagizwa humo ndiyo sheria. Kitabu kikisema probu ya masafa fulani na kipande cha rejea fulani, huwezi kuleta roboti kwa sababu ni ya kisasa zaidi. Njia mbadala yahitaji idhini. Nimeona mtambo wa bei kubwa ukikaa kabatini kwa sababu hakuna kitabu hata kimoja cha ndege za wenye mtambo huo kilichoutaja.

Mkaguzi naye awe na sifa za usafiri wa anga, kwa kiwango cha EN 4179 au NAS 410, za njia hiyo mahususi, na karakana iwe na kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kinachotaja upimaji huo. Fundi aliyebobea kupima viungo vya mabomba kwa altrasaundi ana msingi mzuri, lakini kaboni ina tabia zake na yahitaji mafunzo na saa zake. Ukipanga bajeti, gawa: pesa ya mafunzo isiwe makombo yaliyobaki baada ya kununua mtambo. Skana inayojiendesha haipunguzi hitaji hili. Inapunguza kazi ya mkono na kuongeza kazi ya kusoma, na mtu wa kusoma ramani lazima aelewe kila mwangwi ulioizaa.

Vijana wa vyuo vya ufundi huku Kisumu, Kakamega na Nakuru huniuliza waanze na kipi. Nawajibu waanze na probu moja, wasome mwangwi mmoja mmoja mpaka waweze kuueleza kwa maneno, ndipo washike gurudumu. Aliyeanzia kwenye ramani hujifunza rangi. Siku lango litakapokuwa limekaa vibaya hatakuwa na cha kumshtua.

Kununua au kukodi

Gurudumu nunua ikiwa unahudumia walau aina moja ya ndege yenye ngozi kubwa za kaboni na kitabu chake kinaliruhusu, au ikiwa karakana mbili tatu za magharibi zinaweza kushirikiana kulinunua na kumlipia mkaguzi mmoja. Ushirikiano huo naupenda kuliko kila mtu kujinunulia kisanduku cha bei ya chini, kwa sharti kwamba kumbukumbu za urekebishaji wa mtambo zinatunzwa na mtu mmoja anayejulikana. Weka pia gharama ya kuupeleka kurekebishwa rasmi kila muda uliowekwa, na siku ambazo hautakuwepo.

Skana kodi. Itakuja kwa barabara kutoka Nairobi na wakaguzi wake, nawe uwe umeandaa hanga, umeme, maji safi na ngozi iliyosafishwa. Katika mkataba andika kwamba ramani ghafi, pamoja na mipangilio ya lango na kipande cha rejea kilichotumika, zinabaki kwako. Ukipewa picha zilizochapwa tu, ukaguzi wa miaka miwili ijayo hautakuwa na kitu cha kujilinganisha nacho, na umeshalipia kumbukumbu ambayo huna.

Kwa vyovyote, kabla ya kutia sahihi mwombe muuzaji aje na chombo chake hanga kwako, asiende nawe kwenye chumba cha maonyesho. Mpe paneli iliyokataliwa ya ndege unayoihudumia, yenye rangi yake na viraka vyake, ambayo umeshaipima kwa probu ya mkono na kuandika matokeo kwenye karatasi iliyo mfukoni mwako. Usimwambie kasoro ziko wapi. Mwache fundi wako, si wake, aiendeshe, juani, saa nane mchana.